Kuitikia Juu ya Shimo

Bomba la jikoni kwangu hukohoa kabla ya kutoa maji. Hapa Makole maji huja kwa zamu, na siku ya zamu yetu, alfajiri, bomba huanza kwa kukwaruza koo, likatema upepo, likanyamaza kidogo, kisha likatema matone yenye rangi ya chai ndipo maji yenyewe yafuate. Majirani wakisikia mlio huo huamka kwa furaha na kukimbilia ndoo. Mimi hubaki kitandani nimekamata shuka kwa mikono miwili, nikisubiri ule ukimya wa katikati upite.

Mimi ni mtu mzima, nina watoto, kila asubuhi naenda ofisini Mtumba nimevaa viatu vya kisigino, na ninaogopa bomba. Cheka tu. Hata mume wangu hucheka. Lakini kaa nikusimulie, kisha utaamua kama unacheka.

Nilikulia katika kijiji kimoja cha Ugogoni, mbali na barabara ya lami, mahali ambapo mvua ikishaaga hairudi mpaka watu wasahau harufu yake. Maji yetu yalikuwa chini ya mchanga wa korongo. Ukipita pale kiangazi usingedhani kuna maji: mchanga mweupe, mpana, unaochoma miguu, na alama za kwato za mbuzi zikikatiza huku na huku. Lakini mvua ya mwaka uliopita ilikuwa imejificha humo chini, na kina mama walijua pa kuichimbua. Kiangazi kikianza ulifukua kwa mikono tu ukayafikia. Kiangazi kikikolea, shimo lilikuwa refu kumpita mtu mzima, na ili ushuke ulichongewa vidato ubavuni, navyo vilikuwa vya mchanga uleule.

Alishuka mtu mmoja tu, kwa sababu chini palitosha mtu mmoja aliyechuchumaa. Maji hayakuwa yamejaa yakimsubiri. Yalitoka kidogo kidogo, kama jasho la shingoni, yakajikusanya kwenye kijishimo, akayachota kwa kata, akamimina kwenye dumu, akasubiri tena. Kabla dumu halijajaa ungeweza kuchambua sinia zima la choroko. Kwa hiyo aliye chini aliimba, na walio juu waliitikia.

Hizo hazikuwa nyimbo za kanisani wala za ngoma, ingawa ziliazima kote kote. Aliye chini alitunga papo hapo. Alimsema wifi yake, alimsifu ng'ombe aliyekufa, alimwuliza Mungu mvua ameifungia kabati gani. Walio juu waliitikia neno moja lisilobadilika, sauti zikipandana kama sisi Wagogo tujuavyo kuzipandanisha. Kwa Kiswahili ungesema, "Tupo huku, tupo." Basi. Aliye chini atunge atakavyo, acheke, alalamike, walio juu walirudisha neno lilelile, tupo huku, tupo. Wageni waliopita njia walisimama kusikiliza na kusema kina mama wa huku wana furaha.

Mimi furaha hiyo sikuiona, na sababu ni Mama Yona. Alikuwa jirani yetu, mwanamke mnene, mcheshi, aliyekuwa akinipa ukoko wa ugali wa uwele bila kuombwa. Kiangazi kimoja shimo lilimfunika. Watoto tulizuiwa kwenda korongoni, kwa hiyo sikuona kitu ila wanaume wakirudi na majembe begani, hawasemezani, mchanga umewajaa mpaka kwenye nyusi. Waliokuwepo walisimulia kwamba wimbo wake ulikatika katikati ya neno. Maneno hayo niliyasikia nikiwa nimejibanza nyuma ya mlango wa tembe letu, na yaliniingia yakakaa. Tangu hapo sikuweza kumsikia mtu akiimba kutoka shimoni bila kusubiri wimbo ukatike.

Kifo cha Mama Yona ndicho kilichotuletea mradi. Walikuja watu na mtambo wa kuchimba, mrefu kuliko miti yote ya kijiji, ukaunguruma mpaka kuku wakaacha kutaga. Wakajenga tangi juu ya mwinuko, wakatandaza mabomba, wakatujengea kilula karibu na ofisi ya kijiji, yaani kijumba cha saruji chenye koki nne cha kuchotea maji, na pembeni yake birika refu la kunyweshea mifugo. Siku ya uzinduzi tuliimba, mgeni rasmi akafungua koki, maji yakaruka yakamlowesha suruali, tukapiga makofi. Mwenyekiti wa kijiji akatangaza palepale kwamba kuanzia siku ile ni marufuku kuchimba shimo korongoni, na atakayekamatwa na mgambo asije kumlilia. Nilikuwa darasa la pili. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma, kwa sababu nilielewa kwamba mama hatashuka tena.

Jioni yake mama alibandika choroko. Zikachemka, zikachemka, kuni zikaisha, akaongeza nyingine. Choroko zilibaki ngumu kama zilivyotoka gunia. Maji yalikuwa ya chumvi. Sabuni haikutoa povu, chai ilikuwa na ladha ya kitu usichotaka kukitaja. Lakini hayo yote tungeyavumilia, wanakijiji si watu wa kudeka. Kisichovumilika ni kwamba mdogo wangu Eliya, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza uji, kila alipopikiwa uji wa maji yale aliharisha. Mama alimpima kwa mikono kila asubuhi, akimnyanyua na kumshusha, na kila asubuhi alimwona mwepesi kuliko jana. Baba alikuwa mjini, akibeba magunia ya nafaka sokoni Majengo, akija nyumbani mara moja moja. Hakukuwa na wa kushauriana naye.

"Mtoto huyu hatakunywa chumvi mpaka afe," mama alimwambia shangazi Damari, dada yake baba, aliyekuwa akiishi uani kwetu. "Mimi narudi korongoni."

"Na mgambo?"

"Mgambo naye mkewe anapika choroko. Unadhani anatumia maji gani?"

Hivyo kina mama wakawa wanakwenda wawili wawili, kwa kujificha, kila kundi kwenye kona yake ya korongo, mbali na wenzao. Zile sauti nyingi za juu ya shimo zikaisha, ikabaki sauti moja moja. Mama alishuka, shangazi akaitikia. Mimi nilibaki nyumbani na Eliya mgongoni, nikitazama upande wa korongo, na sikula kitu mpaka niwaone wanarudi. Nilikuwa mwembamba wakati ule, watu wakadhani nina minyoo.

Kisha shangazi Damari akashikwa na homa, ikabidi abaki nyumbani na Eliya, mimi niende na mama. Asubuhi hiyo alinivuta akaniketisha kitandani kwake, mkono wake ukiwa wa moto.

"Nyemo, mama yako akiimba, wewe itikia. Usiache hata kidogo. Usichezecheze, usiokote matunda. Ukiona humsikii, kimbia ukaite watu. Umenielewa?"

Nilisema nimeelewa. Nilichoelewa ni kwamba uhai wa mama yangu niko nao mimi, masikioni mwangu.

Sijui kama nimewahi kufanya kazi ngumu kuliko ile. Nilikaa mchangani hatua chache kutoka ukingoni, pale mama aliponichorea mstari kwa kidole akaniambia nisiuvuke. Kutoka hapo shimo lilikuwa mdomo mweusi tu ardhini, na mama nilimwona akizama humo, magoti, kiuno, kilemba, halafu hakuna. Halafu wimbo. Ulitoka chini ukiwa mnene, umepunguka maneno, nao ulikuwa mzuri, hilo nakiri. Nikaitikia. Nipo huku, nipo. Sauti yangu ilikuwa ya kukwaruza kwa mafua, na kila alipovuta pumzi kati ya mstari na mstari, mimi nilikufa kidogo. Nilitazama ukingo wa shimo. Juu mchanga ulikuwa mkavu, na mara kwa mara punje zake zilijiporomokea zenyewe, bila upepo wala mtu, zikaingia ndani kwa kasauti kadogo kama ka mchele unaomiminwa. Niliziomba ziache. Niliziomba kweli, kwa jina la Yesu, kama mchungaji alivyotufundisha.

Tulikwenda hivyo siku kadhaa. Mama alipanda na dumu lake kichwani, mchanga umemjaa kwenye kope, akiniuliza mbona ninalia wakati kazi imekwisha. Eliya aliacha kuharisha. Nyumbani choroko ziliiva. Na mimi kila nilipoamka niliomba shangazi apone.

Kisha dizeli ikaisha. Ile pampu ya mradi ilikunywa dizeli, na dizeli ililetwa na gari, na gari siku hizo halikuja. Koki zikatoa upepo. Tangi likakauka, birika la mifugo likakauka pia, na ng'ombe wa kijiji, ambao ile chumvi waliipenda kuliko sisi, wakakosa pa kunywa. Walizunguka birika tupu wakilia. Kama hujasikia ng'ombe wenye kiu wakilia kwa pamoja, usitamani kusikia.

Siku yenyewe jua lilikuwa tayari kali. Mama alikuwa chini, anamsema baba katika wimbo, kwamba huko mjini ameota kitambi cha wali. Nilikuwa nacheka kidogo huku naitikia. Nikasikia mchanga chini yangu unatetema. Nikageuka. Vumbi lilikuwa limesimama juu ya ukingo wa korongo, na kutoka kwenye vumbi vikatokea vichwa, pembe, kisha kundi zima la ng'ombe wa Mzee Lameki likiteremka mteremko kwa mbio. Walikuwa wamenusa maji. Ng'ombe wa kwetu wakinusa maji huwazuii kwa fimbo wala kwa mluzi, na Mzee Lameki nilimwona mbali nyuma yao, anakimbia, kofia imeanguka, anapiga kelele zisizosikika. Walikuwa wanakuja moja kwa moja. Kati yao na shimo nilikuwepo mimi peke yangu, na ule mstari wa kidole.

Nilijua la kufanya. Nipige kelele: mama, toka! Maneno mawili tu, hata Eliya angeyaweza baada ya mwaka. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Kutoka chini mama alimaliza mstari wake na akasubiri. Sikuitikia. Akaurudia, taratibu zaidi. Nilisimama pale nimefungua mdomo, nikiwatazama ng'ombe, na machozi yananitoka, na sauti hakuna.

Wimbo ukakatika.

Hapo ndipo nilipojikojolea, niseme ukweli. Nikajua amekwisha, kama Mama Yona. Lakini mara kilemba kikatokea ukingoni, kisha viwiko, kisha mama mzima, mikono mitupu, hana dumu wala kata, anapanda kwa magoti na vidato vinambomokea chini ya miguu. Hakuniuliza kitu. Hakuwatazama hata ng'ombe. Alinikwapua kiunoni kama kifurushi na kunirusha nyuma ya mgunga uliokuwa umeota pembeni mwa korongo, akanilalia juu. Nikasikia uzito wa kwato ukipita, nikasikia harufu ya ngozi na vumbi, na moyo wa mama ukinipiga mgongoni.

Tulipoinuka, shimo halikuwepo. Palikuwa na bonde dogo la mchanga uliovurugwa, na ng'ombe wamesongamana juu yake wakifukua kwa kwato, wakilia. Ndama mmoja alikuwa amezama mpaka tumboni. Mzee Lameki alifika anahema, akapiga magoti akaanza kufukua kwa mikono, huku anasema, "Kuna mtu? Kuna mtu humu? Nijibuni!" Alikuwa mzee mkali ambaye watoto wote tulimwogopa.

"Hakuna mtu, baba," mama akasema. "Tumetoka."

Mzee akakaa chini mchangani. Kisha akatazama upande wa ofisi ya kijiji. "Mimi sijakuona hapa."

"Nami sijaona ng'ombe wa mtu," mama akajibu.

Wakacheka, wote wawili, kicheko kibaya cha watu wanaotaka kulia. Mama akanifunga khanga yake kiunoni kufunika gauni lililolowa, tukaondoka mikono mitupu. Njiani alinishika kichwa. "Umefanya vizuri, Nyemo," akasema.

Sentensi hiyo iliniumiza kuliko kofi. Nilijua sikufanya lolote. Niliwaona ng'ombe na nikanyamaza, na kama mama asingetoka mwenyewe kwa bahati yake, angefunikwa na mimi nikiwa nimesimama hapo nimeachama. Nikadhani ananihurumia, au hajui. Nikaamua asijue. Nilikua na siri hiyo, nikaenda nayo sekondari ya bweni, nikaolewa nayo. Ukimya wowote unaokuja katikati ya sauti ukawa unanirudisha pale, hata ukimya wa bomba.

Mambo ya maji yalikuja kunyooka, polepole, kama mambo ya maji yanavyonyooka. Wageni wa mradi walirudi kuuliza kwa nini kilula hakitumiki. Kina mama hawakuwajibu kwa hotuba. Waliwapikia chakula cha mchana, choroko, kwa maji ya kilula. Wageni walitafuna kwa adabu, wakatazamana, mmoja wao akacheka na kuomba chupa ya maji hayo akayapime. Baada ya miaka wakachimba kisima kingine upande wa vilima, maji yake matamu, na pampu yake inakwenda kwa jua. Leo kilula kiko karibu na mlango wa mama. Eliya, yule mwepesi, ni fundi pikipiki na shingo yake ni nene kama ya fahali. Mashimo ya korongoni hayachimbwi tena, na vijana wa kijiji hawajui hata yalikuwa wapi.

Mwaka huu mama amekuja kukaa kwangu, anatibiwa macho. Tangu afike, siku za zamu ya maji yeye ndiye anayeamka. Bomba likikohoa yuko tayari na ndoo, na maji yakianza kujaa anaimba. Anamsema mkwe wake, anawasifu wajukuu, anamshangaa Mungu kwa kuweka maji ndani ya ukuta. Na mimi kutoka chumbani naitikia bila hata kuamua. Nipo huku, nipo. Watoto walishangaa siku za mwanzo, sasa wamezoea.

Wiki iliyopita alikuwa akiimba hivyo, na mimi, nikiwa nimeshavaa kwenda kazini, nikapigiwa simu na bosi wangu. Nikatoka kibarazani kuongea, nikafunga mlango. Sikuwa nimemaliza salamu mlango ukafunguka kwa kishindo. Mama, na macho yake hayo mabovu, amejigonga kwenye meza, mikono inachuruzika maji, khanga imemwanguka begani.

"Kuna nini? Nyemo! Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Naongea na simu."

Alishika mwimo wa mlango, anahema. Nyuma yake nilisikia ndoo inafurika jikoni, maji yanamwagika sakafuni. Mwanamke ambaye hajawahi kumwaga kikombe cha maji maishani mwake alikuwa ameliacha bomba wazi.

"Sasa mbona hukuitikia?"

Nilikata simu ya bosi. Nilimtazama, na nikahisi kitu kinapanda kutoka miguuni, kama ule mtetemo wa mchangani. Nikamwuliza, na sauti yangu ilikuwa ya kukwaruza tena. "Mama. Siku ya ng'ombe wa Mzee Lameki. Ulijuaje?"

"Nilijuaje nini?"

"Kutoka. Mimi sikukuita. Niliwaona, na sikukuita. Sauti ilikataa."

Alinitazama kama mtu anayeulizwa chumvi ni ya nini. "Si ulinyamaza? Niliimba, ukanyamaza. Nikarudia, ukanyamaza. Aliye juu akinyamaza, unatoka. Unaacha kila kitu unatoka. Sasa unadhani watu walikuwa wanaitikia kwa ajili gani?"

"Shangazi aliniambia nikusikilize wewe."

"Hiyo ndiyo kazi yako wewe. Yangu ilikuwa kukusikiliza wewe." Akajifunga khanga yake vizuri. "Na afadhali hukupiga kelele. Maneno hayafiki chini, yanakuwa mvumo tu. Ningesimama pale kukuuliza, unasemaje? Nikiwa bado nauliza, ng'ombe hao."

Akarudi jikoni kuokoa maji yake. Mimi nilikaa chini pale kibarazani na viatu vyangu vya kisigino, na nikalia kwa kwikwi, na sikujali majirani. Nililia kwa kufunguliwa, ndiyo. Lakini katikati ya kilio hofu ilinishika upya, na hii ilikuwa kubwa kuliko ile ya mchangani. Maana sasa nilikuwa nayaona mambo kutoka chini. Nilimwona mama yangu, mdogo kuliko nilivyo mimi leo, amechuchumaa gizani na mchanga umemzunguka pande zote, anatania kwa wimbo ili mtoto asiogope, na masikio yake yote yameelekezwa juu, kwenye kisauti cha mtoto wa darasa la pili mwenye mafua, ambaye wakati wowote angeweza kumwona kipepeo akamfuata.

Jikoni bomba lilikohoa, likanyamaza. Nilishika ukuta. Kisha maji yakaanza, na mama akaanza, akaimba kwamba binti yake wa ofisini analia kibarazani kama ndama. Akamaliza mstari, akasubiri.

"Nipo huku," nikaitikia, kwa sauti yote niliyokuwa nayo. "Nipo."